Mpira Ulikuwa Wangu

Kwa muda mrefu niliwaambia watu wa mtaa wetu pale Chanika, mjini Handeni, kwamba moto uliotokea kwenye nyumba yangu ya kupangisha uliletwa na mpangaji. Nilisema binti aliacha koki ya jiko wazi usiku, akaamka alfajiri akawasha kiberiti. Nilimweleza hivyo mwenyekiti wa mtaa, nikawaeleza majirani, nikamweleza hata binti mwenyewe akiwa kitandani na mikono imefungwa bandeji. Haikuwa kweli, na nilijua si kweli tangu asubuhi ile ile. Mficha maradhi kifo humuumbua. Yangu nimeyaficha vya kutosha. Leo nayatoa, na mwenye kunisema aniseme.

Mimi ni mwalimu mstaafu, mkazi wa Manundu, Korogwe. Kiinua mgongo changu nilikizika Handeni. Niliona mji unapanuka: halmashauri ya mji, walimu na wauguzi wanaopangiwa vituo vya kazi, na watu wa mradi wa bomba la mafuta ghafi la kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga, ambalo linapita wilayani humo. Mtumishi anataka nyumba safi, na analipa miezi sita kwa mkupuo. Kutoka Korogwe hadi Handeni ni kilometa 65 za lami. Unaenda asubuhi, jioni uko kwako. Lakini mimi nilikuwa naenda siku za kodi tu.

Nyumba niliijenga ya familia tatu, kila moja na chumba, sebule, choo cha ndani na jiko. Fedha niliimwaga kwenye vitu ambavyo dalali anavionyesha: dari ya jipsam, madirisha ya alumini, marumaru mpaka kwenye meza ya jikoni. Mchoro wa fundi ulikuwa na matofali ya maua chini ya ukuta wa jikoni, yale ya kupitisha hewa. Niliyaziba kwa plasta. Niliona yanaingiza mende na vumbi, na yanaifanya nyumba ionekane ya kizamani.

Kwenye mkataba niliweka sharti kwa herufi kubwa: MKAA HAURUHUSIWI. Handeni ni nchi ya mkaa. Magunia yanapangwa kando ya barabara yakisubiri magari, na jiko la mkaa liko karibu kila uani. Sikutaka moshi wake kwenye jipsam yangu. Mei 2024 Rais Samia alipozindua Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia, ambao unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi ifikapo 2034, nilijigamba kijiweni kwamba mimi niliwatangulia. Wakati huo moto ulikuwa umeshatokea, na bado nilijigamba. Sikuwatangulia kwa lolote. Nilikuwa nalinda rangi ya nyumba.

Kwa kuwa nimepiga marufuku mkaa, ilinibidi niweke majiko ya gesi. Niliyanunua mimi, ya plati mbili, nikayafunga mimi juu ya meza ya marumaru. Chini ya meza nikatengeneza kabati lenye milango, mtungi ukae humo usionekane. Mpangaji alichotakiwa kuja nacho ni mtungi wake tu. Na hapo ndipo nilipojijengea utetezi kabla ya kosa: gesi ni ya mpangaji, mtungi ni wa mpangaji, mimi nimempa nyumba. Sikukaa nikajiuliza regulata ni ya nani, jiko la nani, kabati la nani, na yale matundu niliyoyaziba yalikuwa ya nani.

Mpira wa jiko la nyumba ya tatu haukuwa mpya. Nilikuwa nimenunua mipira miwili dukani, na wa tatu nikaona hakuna sababu, kwani kulikuwa na mmoja umelala stoo Manundu tangu mke wangu alipobadilisha jiko. Mipira ya gesi huchapwa tarehe ubavuni. Kwenye ule maandishi yalikuwa yamefutika. Ulikuwa umekakamaa, na ukiukunja karibu na ncha unaona mipasuko midogo kama nyufa za kisigino kikavu. Niliukunja mwenyewe, nikaiona. Kisha nikamwelekeza fundi ncha nzima iende kwenye regulata, ambako mpangaji ataiona akibadilisha mtungi, na ncha mbovu iende nyuma ya jiko.

Klipu nayo ilikuwa moja. Ile ncha ya nyuma ya jiko fundi aliifunga kwa waya wa kufungia nondo, akaukaza kwa koleo. Nikamuuliza, "Hii itakaa?" Akanijibu, "Itakaa mzee, gesi ya nyumbani haina presha." Nikamlipa, nikawahi gari la Korogwe.

Binti aliyepanga pale alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, ajira mpya. Alinipenda kwa sababu ya ualimu wetu, na kila akinipigia alianza na shikamoo na kunijulia hali ya mama nyumbani. Mara ya kwanza alinipigia jioni. "Samahani kwa usumbufu, Mwalimu. Jikoni kuna harufu ya gesi, hasa nikifungua kabati."

Nikamwambia, "Huo mtungi unakaribia kuisha, mwanangu. Ndivyo inavyokuwa. Fungua dirisha."

"Nimeubadilisha juzi tu, Mwalimu."

Hapo nilipaswa kunyamaza nifikiri. Badala yake nikasema, "Basi dukani hawakukufungia vizuri. Wewe fungua dirisha, harufu itatoka." Alipopiga mara ya pili nilikuwa kwenye kikao cha harusi. Nilimwambia nitakuja mwisho wa mwezi. Mwisho wa mwezi ndiyo ilikuwa siku ya kodi.

Naomba nikae kidogo kwenye jibu lile la mtungi kuisha, kwa sababu najua wenye nyumba wengi wanalitoa, na wapangaji wengi wanalikubali. Gesi tunayopikia, mchanganyiko wa propani na butani, haina harufu yenyewe. Ile harufu ya kitunguu kilichooza inaongezwa makusudi na wenye viwanda ili ikivuja mtu ajue. Dawa hiyo ya harufu huwa nzito kugeuka mvuke kuliko gesi, hivyo mtungi ukifika mwisho harufu huweza kuzidi. Ndipo watu wakajenga imani kwamba harufu maana yake ni mtungi kuisha. Lakini harufu haiwezi kukufikia puani bila gesi kutoka mahali. Mtungi uwe umejaa au unaelekea kuisha, ukinusa gesi na jiko limezimwa, kuna sehemu inavuja.

Na dirisha halikuwa la kumsaidia. Gesi hii ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haipandi kwenda kwenye dirisha la alumini juu ya sinki. Inashuka, inajaa kabatini, inatambaa sakafuni, inakaa. Ikifika sehemu kama mbili tu katika mia za hewa, cheche moja inatosha. Matundu yaliyoweza kuitoa ni yale ya chini. Kwa hiyo binti alitii nilivyomwagiza, akafungua dirisha, akadhani yuko salama.

Ilikuwa alfajiri, anataka kuchemsha chai awahi shule. Alifungua koki ya mtungi, akawasha kiberiti. Moto haukuwaka juu ya jiko; ulitokea chini, ukaibamiza milango ya kabati ikang'oka, ukamshika mikono na miguu. Alikuwa amevaa khanga. Kijana wa nyumba ya pili aliingia na blanketi lililoloweshwa maji, akamfunika, kisha akaingiza mkono akafunga koki ya mtungi. Kijana yule ndiye aliyeokoa maisha ya mtu na nyumba yangu. Kwa siku zile sikumshukuru, kwa sababu nilikuwa namwogopa: yeye ndiye aliyekuwa ameingiza mkono kabatini, na huenda alikuwa ameuona waya.

Nilifika saa tatu asubuhi. Majeruhi alikuwa ameshapelekwa hospitali, watu wamejaa uani. Nikasema naingia kukagua, nikaufunga mlango wa jiko nyuma yangu. Mpira ulikuwa umechomoka nyuma ya jiko. Ule waya wa nondo ulibaki unaning'inia, umeukata mpira pale pale penye mipasuko. Haikuhitaji mtaalamu. Niliuchomoa mpira kwenye regulata, nikaukunja, nikautia mfukoni pamoja na waya, nikatoka nje nikiwa mtu wa kusikitika. Mwenyekiti akaniuliza, "Umeona nini, Mwalimu?" Nikamjibu, "Vijana hawa wanaacha jiko wazi." Mpira niliutupa njiani narudi Korogwe.

Hospitalini binti alinipa nafasi ya kusema kweli. Aliniuliza, "Mwalimu, ina maana sikufunga? Mbona nakumbuka nilifunga?" Nilimjibu kwa upole ule wa mzazi, "Mwanangu, uchovu wa kazi. Mshukuru Mungu umepona." Nilimuona akikubali. Kabati na marumaru nilizikata kwenye kodi yake iliyobaki, na alipopata nafuu akahama.

Kosa la mpira lilikuwa uzembe na ubahili. Hili la hospitali lilikuwa na jina lake, na nililifanya nikiwa na akili timamu.

Niliendelea hivyo hadi siku niliyozungumza na mtoto wa dada yangu anayeishi Leicester, Uingereza. Alikuwa hataki kwenda kazini siku ile kwa sababu anamsubiri fundi wa gesi. Nikamuuliza jiko limeharibika? Akasema hapana, ni ukaguzi wa mwaka, wa mwenye nyumba. Akanieleza: kwa kanuni za mwaka 1998, mwenye nyumba ya kupangisha kule lazima kila mwaka akaguliwe mabomba na vifaa vyake vya gesi na fundi aliyesajiliwa, ampe mpangaji nakala ya cheti ndani ya siku 28, na kumbukumbu azitunze miaka miwili. Akacheka: "Mjomba, na wewe kule Handeni nani anakukagua?" Nilimwambia mtandao unasumbua, nikakata simu.

Baadaye nilijaribu kujitetea moyoni. Kule gesi inakuja kwa bomba mpaka ndani ya kuta, na nyumba inapashwa joto kwa gesi. Kwetu ni mtungi wa kilo sita au kumi na tano. Kule sheria ipo. Hapa mnyororo wa gesi unalindwa hadi mlangoni pa duka: EWURA inatoa leseni na kuweka kanuni, muuzaji anatakiwa awe na mizani ampimie mteja mtungi. Ukishaupakia kwenye bodaboda kwenda nyumbani, umebaki wewe na Mungu wako. Kwenye nyumba yangu serikali inanifikia kila mwezi kwa kodi ya majengo, shilingi 1,500 zinazokatwa kwenye luku, na hakuna siku niliyoulizwa kuhusu jiko. Utetezi huu ulinitosha kwa wiki kadhaa.

Kilichouvunja ni lile bomba la mafuta. Wapangaji wangu wa nyumba ya kwanza walikuwa vijana wa mradi, na jioni moja walikuwa wananieleza jinsi kila maungio yanavyokaguliwa kabla bomba halijafukiwa, kilometa 1,443 zote, na kiungo kikionekana na kasoro kinarudiwa. Nikawaza: bomba la kilometa zote hizo linapita wilaya moja na nyumba yangu, na watu wanalikagua kiungo kwa kiungo hata porini kusiko na mtu. Mimi bomba langu lilikuwa mpira usiotimia hata meta mbili, lenye maungio mawili, ndani ya jiko la binti wa watu. Nililikagua, nikaona kasoro, nikaigeuzia ukutani. Sheria ingekuwepo ningemdanganya mkaguzi. Sikukosa sheria.

Nilichofanya kwanza ni rahisi kukieleza, nami nakieleza kwa ajili ya wenzangu wa Chanika, Mkata, Manundu, Mombo na kwingineko wenye vyumba. Nilibomoa plasta, nikarudisha matundu ya chini kwenye majiko yote matatu. Mitungi nikaitoa kabatini. Sasa inakaa nje ya ukuta, imesimama wima, kwenye kibanda cha wavu chenye kufuli ambalo ufunguo wake anao mpangaji. Mipira yote nikanunua mipya yenye tarehe inayosomeka, klipu mbili kila mmoja. Gharama ya mpira na klipu zake haifiki ndoo ya rangi niliyokuwa nikiipaka kila mpangaji akihama.

Kila Januari, shule hazijafunguliwa, naenda na fundi anayejua kazi ya gesi, sio yule wa nondo. Tunapaka povu la sabuni kwenye koki, kwenye regulata na kwenye kila ncha ya mpira. Penye mapovu yanayokua pana uvujaji. Njiti ya kiberiti hatuitumii kutafutia uvujaji, ingawa nimewaona watu wazima wakifanya hivyo. Tunaukunja mpira mzima, mbele na nyuma, tukitafuta mipasuko na meno ya panya. Tunawasha jiko tuangalie moto: wa bluu unaoshikilia vizuri ni mzima, ukiwa wa njano na unapaka masizi sufuria, gesi haiungui sawasawa, na katika jiko lisilo na hewa hapo inatoka hewa ya sumu isiyo na harufu, ile ile inayoua watu waliolala na jiko la mkaa ndani. Tunaangalia matundu hayajazibwa kwa maboksi. Mwisho tunaandika karatasi: tarehe, tulichokuta, tulichobadilisha, sahihi ya fundi, yangu na ya mpangaji. Nakala moja inabaki kwake.

Kwenye karatasi hiyo yameandikwa maelekezo ambayo nilipaswa kuyatoa kwa simu: ukinusa gesi funga koki ya mtungi, usiwashe wala kuzima taa, usiwashe kiberiti, fungua milango, toka nje na watu wote, piga simu ukiwa nje. Zimamoto ni 114. Mwenye nyumba anapigiwa baada ya hapo, na akikuambia ni mtungi unaisha, usimwamini.

Hayo yote niliyafanya kabla ya kumtafuta binti. Nasema hivi kwa sababu naona nilivyokuwa natafuta njia ya kulipa bila kukiri: nikitengeneza nyumba vizuri, deni litajifuta lenyewe. Kabla ya kumpigia simu nilikuwa nimeshaandaa fedha yake, kodi niliyomkata na gharama za matibabu alizokuwa amelipa. Nilimweleza yote, mpira, waya, mfuko, hospitali. Alinyamaza kwa muda, nikadhani simu imekatika. Kisha akasema, "Mwalimu, kwa hiyo nilifunga?"

Nikamwambia, "Ulifunga, mwanangu."

Hakulia, wala hakunitukana. Alisema kwamba tangu siku ile hajapika kwa gesi, na kwamba usiku huamka kukagua majiko ya watu anaokaa nao, akijua yeye ni mtu wa kusahau. Halafu akasema, "Fedha utume tu. Lakini mimi si wa kuniambia peke yangu. Mama bado ananiita mzembe mbele ya wageni. Mpigie yeye."

Mama yake anaishi wilaya hii hii ya Korogwe. Simu haikufaa, nikaenda. Alinikaribisha vizuri kwa sababu alikuwa ananijua kama mwenye nyumba mwema aliyekuja hospitali na matunda. Nilipomaliza kueleza, aliondoa kikombe changu cha chai mezani, akakiweka chini. "Kumbe nimemsema mwanangu kwa ajili yako, Mwalimu," akasema. "Sasa hao uliowaambia Handeni umeshawaambia?" Nikamjibu bado. Akasema msamaha hajaukataa, ila tutauongea nikitoka huko.

Kwenye mkutano wa mtaa nilisimama kwenye mengineyo. Nilieleza kama nilivyoeleza hapa. Mzee mwenzangu mwenye vyumba vya uani alinifuata baadaye akaniambia nimewauza, kwamba sasa kila mpangaji atadai mpira mpya. Nikamwambia ampe. Mama mmoja mwenye nyumba aliniomba namba ya fundi. Yule kijana wa blanketi alikuwepo. Nilimshukuru mbele za watu, akasema aliuona waya siku ile, akadhani labda hakuona vizuri, maana mwenye nyumba ni mwalimu.

Nilimwomba mwenyekiti aliandike jambo hili kwenye muhtasari wa mkutano, kwa sababu maneno yangu ya kwanza yalikuwa yameenea kwa mdomo na sikuamini kwamba ya pili yangeyafikia yote. Aliandika sentensi mbili: kwamba moto ule haukusababishwa na mpangaji, na kwamba mwenye nyumba amekiri mpira mbovu ulikuwa wake. Akagonga muhuri. Nakala moja nilimpelekea mama yake, akaisoma mara mbili, akaniuliza kama ninayo ya pili ya kumpa binti. Nilikuwa nayo.